Unga Aliokataa Mdeko

Kengele ya kutoka shuleni ilipogongwa, Kandida hakurudi nyumbani moja kwa moja kama wenzake. Alipitia kwanza kwenye mashine ya kukoboa mpunga, akajaza debe lake pumba, akajitwika na kushika njia ya kandokando ya majaruba ya mpunga. Mashine ile ilikuwa ya zamani. Ilitema vyote pamoja: pumba laini, makapi makavu, na chenga chache za mchele ambazo kuku wa mwenye mashine walizigombania siku nzima. Kandida alipofika nyumbani Idete, nyusi zake zilikuwa zimekuwa nyeupe kwa vumbi kama za bibi kizee.

Bandani alikuwa akingojwa na ng'ombe. Huyo ndiye Mdeko.

Mdeko alikuwa mtamba mwenye mimba yake ya kwanza, mwekundu, mwenye macho makubwa ya upole na pua yenye maringo. Maji yaliyokaa ndooni tangu asubuhi hakuyanywa. Majani yaliyokanyagwa hakuyagusa. Mama Kandida, ambaye watu wa kanisani walimwita Margareta, ndiye aliyempa jina hilo wiki ya kwanza tu. "Huyu hajaletwa kukamuliwa," alisema. "Ameletwa kudekezwa."

Ukoo wao haukuwa wa wafugaji. Baba yake Kandida, Fridolin, alikuwa mtu wa jembe na mpunga, kama walivyokuwa baba yake na babu yake waliotoka upande wa Mahenge. Ng'ombe aliwajua kwa kuwaona tu, makundi ya majirani Wasukuma yalipopita kwenda mtoni. Mdeko alifika kwao kwa mpango wa parokia. Ulikuwa mpango mzuri na sharti lake lilikuwa moja: ukipewa mtamba, ndama jike wa kwanza si wako. Akiacha kunyonya, anakwenda kwa familia inayofuata, na familia hiyo nayo itafanya vivyo hivyo.

Familia iliyofuata ilikuwa ya Evelina, mama yake Luciana. Luciana na Kandida walikaa dawati moja darasa la sita. Mume wa Evelina alikuwa amefariki, na nyumba ile ilikuwa na watoto wadogo wawili waliokunywa uji mweupe usio na maziwa asubuhi na uji mweupe jioni. Banda la ng'ombe walikuwa wameshalijenga. Luciana mwenyewe ndiye aliyekanyaga udongo wa kukandika ukuta wa upande mmoja.

"Muulize Mdeko amebeba dume au jike," Luciana alipenda kumwambia Kandida darasani.

"Nimemuuliza. Amenigeuzia mkia."

"Basi ni jike. Angekuwa dume angekupiga teke!"

Mimba ilipokuwa kubwa, bwana mifugo alikuja kutoka Ifakara kwa baiskeli. Aliitwa Theodori. Alikuwa mtu mrefu, mpole, aliyezungumza na ng'ombe kabla ya kuzungumza na wenye ng'ombe. Aliwaletea mfuko wa unga wa madini, unga wa kijivu wenye harufu ya mifupa na chumvi.

"Ndama aliye tumboni anajenga mifupa yake kwa mifupa ya mama yake," alieleza. "Majani ya huku peke yake hayatoshi. Mchanganyieni unga huu kwenye pumba kila jioni. Nani humlisha?"

"Huyu," Fridolin alisema, akimwekea Kandida mkono begani. Kandida alijisikia mkubwa.

Jioni ile ile shida ilianza. Kandida alimimina pumba kwenye hori, akanyunyiza unga juu, akakoroga kwa mkono. Mdeko alikuja kwa haraka, akashusha pua, akasimama. Kisha alipuliza. *Fuuu!* Unga ukaruka kama moshi, ukamwingia Kandida machoni na puani. Mdeko akachagua pumba za pembeni kwa ncha ya ulimi, na unga uliobaki ukashuka kati ya makapi makavu hadi chini ya hori, ambako aliuacha.

Kandida alijaribu tena kesho yake. Alimbembeleza, alimkwaruza shingoni, alimwimbia hata wimbo wa komunyo ya kwanza. *Fuuu!* Akisimamiwa kwa muda mrefu alilamba kidogo, akatikisa kichwa, akangoja aachwe peke yake. Kazi iliyokuwa ya kitambo kifupi sasa ilikula jioni nzima.

Na jioni za msimu ule zilikuwa na thamani. Shule ilikuwa inajiandaa kwa mashindano ya netiboli ya tarafa, na Kandida alikuwa mfungaji. Siku mbili mfululizo alifika uwanjani wenzake wameshagawana timu.

"Mke wa ng'ombe amefika!" msichana mmoja alipaza sauti, na wote wakaangua kicheko. Luciana pia alicheka, ingawa alijizuia haraka.

Mwalimu wa michezo hakucheka. "Kandida," alisema, "nafasi yako ina watu wanaoitaka."

Siku iliyofuata Kandida alipima unga kama kawaida. Alitazama nyumbani, akatazama shambani. Kisha badala ya kuumwaga horini, alipita nyuma ya migomba akaumwaga chini na kuufunika kwa mguu. Mdeko akapewa pumba tupu. Alikula zote mpaka akalamba ubao.

"Amekula?" baba yake aliuliza usiku, wakinawa mikono kabla ya ugali.

"Amekula, baba. Horini hamna kitu."

Hilo la horini lilikuwa kweli, na Kandida alijishikiza hapo. Alijiambia kuwa ni kwa siku ile tu. Lakini jambo baya likishafanyika mara moja bila mtu kugundua, mara ya pili halina uzito, na mara ya tatu linakuwa desturi. Unga ukazoea kwenda migombani, na Kandida akazoea kufika uwanjani mapema.

Theodori alipopita tena, alimpapasa Mdeko mgongoni na kuuliza, "Madini anakula?"

"Anakula yote," Kandida alijibu.

"Hasumbui? Wengine huwa hawapendi harufu yake."

Hapo mlango ulikuwa wazi. Kandida angeweza kusema, "Anasumbua, naomba unisaidie." Lakini baba yake alikuwa amesimama pale, uso umejaa fahari.

"Hasumbui."

"Una mkono mzuri, binti. Basi hapa sina kazi," bwana mifugo alisema, akapanda baiskeli yake akaenda kwa wengine waliokuwa na matatizo.

Kiangazi kilipokaribia mwisho, ng'ombe wa majirani wakaanza kusimama nyuma ya migomba. Mchungaji wao alikuwa kijana wa Kisukuma aliyeitwa Limbu, hodari kwa fimbo na kwa maneno. Alipiga mluzi, akapiga kelele, lakini ng'ombe walilamba udongo kana kwamba wamepakwa asali midomoni.

"Dada!" aliita. "Mnamwaga nini huku? Ng'ombe wangu wanataka kuhamia kwenu!"

"Maji ya kuoshea vyombo," Kandida alijibu.

"Basi mchuzi wenu una chumvi nyingi. Mwambie mama apunguze!" Limbu akacheka, akawasukuma ng'ombe wake, akaenda zake.

Mashindano yalifanyika. Shule yao ilishinda, na Kandida alibebwa juu kwa juu mpaka barabarani. Njiani alisikia furaha, lakini alipomwona Mdeko amesimama bandani, tumbo zito, mbavu zikionekana kuliko zamani, furaha ile ilimtoka. Alitaka kurudisha unga horini kuanzia siku ile. Alijaribu. Mdeko akapuliza, na Kandida akasema moyoni, "Kesho." Kesho yake akasema hivyo hivyo.

Mdeko alizaa alfajiri, mvua za kwanza zikinyesha. Fridolin aliwaamsha wote kwa sauti ya shangwe. "Jike! Ni jike! Kandida, kimbia kwa kina Luciana!"

Kandida alikimbia kwenye matope bila viatu. Evelina alitoka akijifunga kanga, akapiga kigelegele palepale kizingitini, na watoto wadogo wakaanza kurukaruka bila hata kuambiwa habari ni ipi. Luciana alimkumbatia Kandida kwa nguvu. Wakarudi wote pamoja, wakiteleza na kucheka.

Walipofika bandani, hakuna aliyekuwa anacheka. Ndama alikuwa amelala ubavu kwenye nyasi. Fridolin alimwinua asimame, na miguu yake ilikunjika kama kamba iliyolowa. Alimwinua tena. Mdeko naye alikuwa amelala, shingo ameipindia ubavuni, masikio ya baridi, macho yakitazama mahali pasipo na kitu. Hakumgeukia hata mwanawe.

"Nendeni mkamwite Theodori," Margareta alisema kwa sauti ndogo.

Kijana wa jirani alitumwa Ifakara kwa baiskeli. Wakati wakingoja, Evelina alipiga magoti akawa anamsugua ndama kwa gunia, huku Luciana akijaribu kumnywesha maziwa kidogo waliyofanikiwa kuyakamua kwa mama yake. Yalimtoka pembeni mwa mdomo. Kabla bwana mifugo hajafika, ndama alivuta pumzi ndefu moja, na hakuvuta nyingine.

Luciana aliendelea kushika kikombe. Evelina alikitoa mkononi mwake polepole, akamwinua, wakaenda nyumbani.

Theodori alifika amelowa chapachapa. Alimtazama Mdeko mara moja tu, akafungua mkoba. Alimwingizia dawa ya chupa kwenye mshipa wa shingo, taratibu sana, akisikiliza moyo wake. Muda ulipita. Mdeko akatetemeka, akacheua, akaweka shingo sawa. Baadaye akajikusanya, akainua makalio, akasimama akiyumba kama mlevi. Margareta alifanya ishara ya msalaba.

"Amepona," Theodori alisema. Lakini uso wake haukuwa wa mtu aliyeshinda. Alimtazama ndama, akakaa juu ya debe lililofudikizwa. "Mzee Fridolin, jambo hili limenishangaza. Ng'ombe huyu alikuwa anakula madini kila siku. Ndiye niliyekuwa nawatolea wengine mfano."

"Kila siku," Fridolin alisema. "Kandida hakukosa."

"Basi unga wenyewe haufai." Bwana mifugo alitikisa kichwa. "Kuna waliolalamika, nikawabishia. Kumbe walikuwa sahihi. Leo leo nitapita kwa Barnaba, nitapita kwa Restituta, kote walikonunua mfuko kama huu na wana ng'ombe wenye mimba. Nitawaambia waache kuwapa."

Kandida alikuwa amesimama nyuma ya nguzo ya banda. Alisikia majina yale, Barnaba na Restituta, na akawaona ng'ombe wao kana kwamba wapo mbele yake. Wanakula unga wao vizuri, kisha wananyang'anywa kwa sababu ya maneno yake. Akaona ndama wengine wamelala ubavu kwenye nyasi. Mpaka dakika ile alifikiri uongo wake umekwisha pale bandani pamoja na yule ndama. Sasa aliuona umeinuka, unatafuta baiskeli ya kupanda.

Theodori alifunga mkoba, akaaga, akasukuma baiskeli hadi njiani. Kandida alimkimbilia.

"Bwana Theodori! Usiende kwa kina Barnaba!"

Alisimama. "Kwa nini, binti?"

"Mdeko hakula." Maneno yalitoka kwa kukatikakatika. "Alikuwa anapuliza. Nikawa namwaga unga nyuma ya migomba, ili niwahi uwanjani. Nilikudanganya. Nilimdanganya na baba."

Mvua ilikuwa inanyesha juu yao wote wawili. Bwana mifugo alitazama tairi la baiskeli yake.

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo mwanzo."

"Sikiliza," alisema hatimaye. "Sitakuambia kwamba wewe ndiye uliyemuua ndama. Uzazi wa kwanza una mambo mengi, na hata ng'ombe aliyekula vizuri huweza kuanguka. Lakini sitakuambia pia kwamba huna sehemu. Nilikuuliza kama anasumbua. Ungesema ndiyo, ningekuonyesha la kufanya siku ile ile. Ni jambo dogo kabisa."

Hilo la mwisho ndilo lililomchoma Kandida kuliko yote. Angegombezwa, angevumilia. Lakini ni jambo dogo kabisa!

"Sasa twende tumwambie baba yako," Theodori alisema, akageuza baiskeli. "Utasema mwenyewe. Mimi nitasimama karibu."

Fridolin alisikiliza mpaka mwisho. Hakuinua mkono, wala sauti. Alikwenda nyuma ya migomba, akatazama mahali udongo ulipolambwa na ng'ombe wa watu hadi pakawa shimo, akarudi.

"Nilijisifu kwa ajili yako mbele ya watu," alisema. Kisha akachukua jembe kwenda kumzika ndama. Kandida alimfuata kumsaidia, na baba hakumzuia.

Alasiri yake Kandida alikwenda kwa Evelina, peke yake. Alimkuta anapepeta mchele. Alimwamkia, akapiga magoti, akaeleza yote. Ungo uliendelea kupanda na kushuka.

"Nimesikia," Evelina alisema Kandida alipomaliza. Ndani ya nyumba, sauti ya Luciana ilisema, "Banda letu lifugiwe kuku, mama," na mlango ukafungwa.

Siku zilizofuata, Luciana alihamia dawati jingine. Kandida hakuthubutu kumlaumu.

Theodori alirudi siku chache baadaye, akamwonyesha Kandida lile jambo dogo. Kwanza, pumba zipepetwe, makapi yatoke, ili unga usipate pa kujificha. Pili, pumba zilowanishwe kwa maji yenye sukari guru kidogo, mpaka ukizifinyanga zishikamane. Unga uliolowa haupulizwi. Tatu, unga uanze kwa ncha za vidole tu, hata pua yake isitambue, halafu uongezwe taratibu kadiri anavyozoea.

"Ng'ombe hana haraka," alisema. "Ukimharakisha, anakushinda. Na siku akikataa, sema amekataa."

Kandida aliacha netiboli kwa muda huo bila kuambiwa na mtu. Kila jioni alipepeta, akalowanisha, akafinyanga, akakaa kando ya hori. Siku nyingine Mdeko alikula. Siku nyingine alinusa, akageuza shingo kwa maringo yake yale yale, na Kandida alikwenda kwa baba yake akasema, "Leo amebakiza." Mwanzoni maneno hayo yalikuwa mazito kuyatamka. Baba alijibu tu, "Haya, kesho upunguze kidogo," na kesho yake alipunguza. Mpunga ulipoanza kutoa masuke, Mdeko alikuwa anakula kipimo chake chote, na maziwa yakaongezeka. Kila asubuhi Margareta alimpa Kandida kibuyu kimoja apeleke kwa Evelina. Evelina alikipokea, akashukuru, akarudisha kibuyu kikiwa kimeoshwa.

Jioni moja Kandida aliinua macho kutoka horini akamwona Evelina amesimama mlangoni mwa banda. Luciana alikuwa nyuma yake, amebeba mzigo wa majani mabichi, anatazama pembeni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Tumekuja kujifunza," Evelina alisema. "Bwana mifugo ameniambia Mdeko atapandishwa tena. Mungu akipenda, siku moja na sisi tutalisha. Afadhali tujue mapema."

Kandida aliwaonyesha. Alifinyanga pumba, akaziweka horini. Mdeko alishusha pua, akanusa, akala.

Evelina alitazama mpaka hori likawa tupu. Ndipo akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayezungumzia mvua:

"Kandida, mwanangu, nilikaa na hasira nikaipima. Nikaona kushindwa na ng'ombe si kosa. Hata mimi angenishinda. Kosa lako ni kwamba ulishindwa peke yako, kwa siri, ukatuambia umeweza. Anayesema 'nimeshindwa' hupata wa kumsaidia. Anayeficha, hata aliye karibu naye hawezi kumsaidia, maana hajui. Ulikuwa na baba, na mama, na bwana mifugo, na sisi. Wote tulikuwa hapa. Usitufungie nje tena."

"Sitarudia, mama."

"Najua. Ulipokuja kwangu siku ile, ungeweza kutokuja." Evelina akachukua debe tupu, akatoka nje kuzungumza na Margareta.

Wasichana wawili wakabaki bandani. Luciana alitua mzigo wake wa majani, akaukata kamba, akaanza kumpa Mdeko jani moja moja. Kisha, bila kugeuka, aliuliza:

"Mlimzika wapi?"

"Pale, ng'ambo ya mfereji. Baba alichimba, mimi nikafukia."

Luciana aliitikia kwa kichwa polepole. Mdeko alinyoosha ulimi kuomba jani jingine.

"Siku ile nilikuwa nalia, sikumtazama vizuri," Luciana alisema. "Alikuwa wa rangi gani?"

"Mwekundu kama mama yake," Kandida alijibu. "Na miguu ya mbele ilikuwa myeupe, mpaka hapa."

Akainama, akamwonyesha kwenye mguu wake mwenyewe.